MOYO NA MANENO KATIKA HEKAYA YA VIJANA
Maelezo juu ya kitabu Howl's Moving Castle

Ni desturi ya kurasa kama hizi kushughulika na tenzi za kale, lahaja za pwani na matatizo ya sarufi. Vitabu vyepesi vya kuwafurahisha vijana havitajwi ila kwa nadra, na vikitajwa hutajwa kwa masikitiko. Katika makala haya nataka kutoka kidogo katika desturi hiyo, nieleze kitabu kimoja cha Kiingereza walichoandikiwa vijana, ambacho ndani yake mna uganga, jini la moto, kofia, mapenzi na kicheko kingi. Sababu yangu si kwamba kitabu chafurahisha, ingawa chafurahisha kweli. Sababu ni kwamba chauliza swali ambalo kila mzazi na kila mwalimu hukutana nalo: yawezekanaje kijana mwenye akili na mikono ya kazi aidharau nafsi yake, na dawa yake ni nini? Jibu la kitabu hiki lahusu maneno, na maneno ndiyo kazi yangu.

Kitabu chaitwa Howl's Moving Castle, yaani Ngome Iendayo ya Howl. Mtungaji wake ni Bibi Diana Wynne Jones, aliyezaliwa London mwaka 1934 na kufariki mwaka 2011. Alisoma katika chuo cha St Anne's, Oxford, na huko alisikiliza mihadhara ya C. S. Lewis na J. R. R. Tolkien, ambao wote wawili walikuwa mabingwa wa hekaya za namna hii. Kitabu kilitolewa mwaka 1986. Katika dibaji fupi mtungaji asema kwamba wazo lake alipewa na mtoto mmoja wa kiume katika shule aliyoizuru; aliliandika jina la mtoto huyo akaliweka mahali pa salama kabisa, hata yeye mwenyewe asiweze kulipata tena. Mwaka 2004 Hayao Miyazaki wa Japani alikigeuza kitabu kuwa filamu ya michoro, nayo ikakieneza jina lake duniani. Mwaka 2006 kilipewa Phoenix Award, tuzo ambayo hutolewa kwa kitabu cha watoto kilichotimiza miaka 20 na ambacho wakati wa kutolewa kwake hakikupata tuzo kubwa.

Msomaji wa Kiswahili si mgeni wa mambo haya. Tangu mwaka 1870 Edward Steere alipotoa hadithi alizozikusanya Unguja, tumekuwa nazo kwa maandishi habari za nunda mla watu na za wanyama wasemao. Alfu Lela Ulela imesomwa mashuleni kwa miaka mingi. Mwaka 1940 Alice wa Lewis Carroll alitokea kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu. Na mwaka 1952 Shaaban Robert alitupa Adili na Nduguze, ambamo ndugu wawili wenye husuda wageuzwa manyani. Neno hekaya, basi, latutosha. Kilicho kigeni kidogo ni kuiunganisha hekaya na mapenzi ya vijana wawili wenye ila, tena kwa mzaha, bila kumhubiria msomaji.

HADITHI KWA UFUPI

Nchi ya hadithi yaitwa Ingary. Huko viatu vya kuruka maili nyingi kwa hatua moja ni vitu vya kweli, na kila mtu ajua kwamba katika watoto watatu yule wa kwanza ndiye atakayeshindwa vibaya kuliko wote akienda kutafuta bahati yake. Hii ni kanuni ya ngano, nasi twaijua. Katika hadithi ya Sultani Majinuni aliyoichapisha Steere, watoto ni saba, na kitinda mimba ambaye baba hamhesabu ndiye anayefaulu. Bibi Jones ameichukua kanuni hiyo ya wasimulizi akaifanya kuwa imani ya watu wa nchi, kisha akauliza jambo ambalo msimulizi wa ngano haulizi: je, yule mkubwa ajionaje?

Mkubwa huyo ni Sophie Hatter, mtoto wa muuza kofia. Baba afapo, mama wa kambo awapangia mabinti kazi. Lettie apelekwa katika duka la keki. Martha, aliye mdogo, apelekwa kujifunza uganga. Sophie abaki dukani kushona na kupamba kofia. Wadogo wawili hawaridhiki na sehemu zao, na kwa siri wabadilishana sura ili kila mmoja apate aipendayo. Sophie hajaribu kubadili lolote. Ajiambia kwamba ndivyo apaswavyo mkubwa wa watatu.

Siku moja Mchawi wa Nyikani aingia dukani kwa ghadhabu na kumgeuza Sophie kuwa bibi kizee, tena amfunga kinywa asiweze kumwambia mtu kwamba amerogwa. Sophie ajitazama kiooni. Halii. Ajiliwaza kwamba afya yaonekana anayo, na kwamba sura hii yamfaa zaidi kuliko ile ya kwanza. Kisha aondoka mjini kwa miguu, na jioni aingia kwa nguvu katika ngome ya mganga Howl, ambayo huzunguka milimani ikitoa moshi na ambayo watu husema mwenyewe hula mioyo ya wasichana. Ndani amkuta mwanafunzi aitwaye Michael na jini la moto liitwalo Calcifer, lililofungwa mekoni kwa mkataba. Jini lampa shauri: akiuvunja mkataba uliopo baina yake na Howl, nalo litamwondolea uchawi wake. Sophie akubali, na ili apate kisingizio cha kukaa, ajifanya mfagizi wa nyumba.

Yaliyosalia ni marefu na yana mafundo mengi. Mna mlango mmoja ufungukao mahali pa namna nne, na kimojawapo ni nchi ya Wales ya dunia hii yetu, ambako Howl alizaliwa akiitwa Howell Jenkins. Mna shairi la John Donne (1572–1631) ambalo kwa mpwa wa Howl ni kazi ya shule tu, na kwa Howl mwenyewe lageuka kuwa laana itimiayo jambo moja baada ya jingine. Mna pia mwana wa mfalme aliyepotea na mganga wa mfalme aliyepotea naye. Mimi nitashika uzi mmoja tu.

MANENO YATENDAYO

Alipokuwa peke yake dukani, Sophie alizoea kuzisemesha kofia kwa upweke. Moja aliisifu kuwa ina haiba ya siri. Nyingine aliibashiria ndoa ya utajiri. Haukupita muda, mwanamke mmoja asiyesifiwa kwa sura alinunua kofia pale, akatoroka na kabaila. Wanunuzi wakaongezeka. Baadaye, njiani, Sophie aiambia sanamu ya shambani ya kutishia ndege maneno ya heri, nayo yapata uhai. Katika ngome ashona suti ya Howl huku akiisimanga kwamba imeumbwa kuwavuta wasichana, nayo yapata nguvu hiyo hiyo. Sophie ni mganga wa maneno, wala hajui. Wasomaji wengi hawajui pia mpaka waambiwe, kwa sababu mtungaji huyaweka mambo haya katikati ya mzaha.

Wanaisimu wamelishughulikia jambo la maneno yatendayo. J. L. Austin wa Oxford alitoa mihadhara huko Harvard mwaka 1955, ikachapishwa kuwa kitabu mwaka 1962, miaka miwili baada ya kufa kwake. Alionyesha kwamba si kila sentensi huarifu. Nyingine huwa ndiyo tendo lenyewe. Mwenye kuahidi, mwenye kuapa na mwenye kuipa meli jina hawaelezi jambo lililo nje ya maneno yao; kusema kwao ndiko kutenda kwao. Kwa Mswahili jambo hili si la kufumbuliwa na mwanafalsafa. Mzazi atamkaye kwamba hana radhi na mwanawe haelezi hali ya moyo wake tu, ametenda. Bwana arusi asemapo «Nimekubali» mbele ya mashahidi, amekwisha kuoa. Tena yafaa kuangalia kwamba mara nyingi sarufi yetu hutumia -me- katika maneno ya namna hii: nimekubali, nimekusamehe, nimekuachia. Ni kama kusema kwamba neno halijaisha kutoka kinywani na tendo limekwisha timia.

Twajua pia kwamba majina hutenda. Watu wetu huwaita watoto Shida, Taabu au Mashaka, na wengine huwaita Neema au Tumaini, wala hakuna atakayesema kwamba kwa mtoto ni mamoja.

Sasa liko jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha kitabu. Sophie aliiambia kila kofia jambo jema, na likawa. Mtu mmoja tu hakuambiwa jema lolote, naye ni Sophie mwenyewe. Nafsi yake aliiambia kila siku kwamba ni mkubwa wa watatu na hatafaulu. Na kwa kuwa maneno yake yalikuwa na nguvu, hayo nayo yakawa. Baadaye sana Howl amfunulia kwamba alijua tangu mapema kuwa amerogwa, akajaribu mara nyingi kuuondoa uchawi bila ya kufaulu, hata akadhani kwamba Sophie mwenyewe apenda kukaa hivyo. Mchawi aliufunga mlango kwa nje, na Sophie akatia komeo kwa ndani. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Niruhusiwe hapa kutaja jambo moja la darasani. Mwaka hata mwaka nimewasikia wanafunzi, hasa wasichana, wakilianza jibu la sahihi kwa maneno ya kulikana: «Mimi sijui sana, lakini…» Zamani nikiyachukua maneno hayo kuwa ni adabu, na siku zangu mbaya nikiyachukua kuwa ni upotevu wa wakati. Mara moja nilimwambia mmoja, mbele ya wenzake, kwamba kama hajui basi akae. Akakaa. Jibu alilotaka kulitoa nililikuta baadaye katika karatasi yake ya mtihani, nalo lilikuwa bora kuliko lile nililolitoa mimi ubaoni. Muhula wote uliobaki hakunyosha mkono tena. Yeye alikuwa amejisemea neno dogo la kujidharau. Mimi nilikuwa nimelitia muhuri.

KUJIAMINI, KUJIONA NA KUJIPA MOYO

Walimu wa leo husema kwamba dawa ya kijana kama huyu ni kujiamini. Neno hili lasikika sana mashuleni na redioni, wala sina ugomvi nalo. Lakini mwenye kuitazama lugha yetu kwa makini ataona kwamba kiambishi -ji-, kitumikapo kwa mtu aitazamaye nafsi yake, huleta zaidi maneno ya lawama: kujiona, kujidai, kujivuna, kujisifu, kujitapa, kujigamba, kujikweza. Yako mema pia, mathalan kujiheshimu, kujistahi na kujitegemea. Ila hayo yahusu mwenendo wa mtu mbele za watu au kazi ya mikono yake, hayahusu kujitazama na kupendezwa. Lugha yaonekana kumshuku mtu asimamaye mbele ya kioo kwa muda mrefu. Ndiyo maana kijana wa kwetu aambiwapo «jiamini» huenda akasikia nyuma ya neno hilo mwangwi wa «jione», akaogopa kutovuka mpaka wa adabu tu.

Kitabu hiki chamsaidia, kwa sababu kimewaweka watu wawili hao katika nyumba moja. Mwenye kujiona ni Howl. Hukaa bafuni saa nyingi kwa manukato na rangi za nywele, na siku Sophie alipozichanganya dawa zake kwa kufagia, nywele zikatoka na wekundu asioutaka, alipiga kelele za msiba na kutoa ute wa kijani mwili mzima hata ukatiririka sakafuni. Basi, je, Howl ajiamini? Hata kidogo. Ni mwoga, na mwenyewe akiri. Akitaka kulifanya jambo la hatari hana budi kujidanganya kwamba halifanyi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mwenye kujiamini hatimaye ni Sophie, ambaye tangu ageuzwe kizee ameacha kabisa kujitazama. Ana sakafu ya kufagia, buibui wa kuwafukuza, mganga wa kumgombeza na jini la kubishana nalo. Ushupavu wamjia akiwa hautafuti.

Kwa hiyo nadhani neno lifaalo zaidi katika Kiswahili liko karibu nasi siku zote, nalo ni moyo. Kwetu moyo si kiungo cha damu na makao ya mapenzi tu. Ni ushujaa pia, na nia. Twasema kutia moyo, kupa moyo, kuvunjika moyo, kupiga moyo konde. Kiingereza nacho hulifahamu jambo hili, lakini si kwa wepesi wa Kiswahili. Yafaa sasa msomaji ajue siri ya ngome: Calcifer alikuwa nyota iliyoanguka. Howl aliidaka kabla haijafika chini, akaihurumia kwa kuwa ilikuwa ikifa, akaipa moyo wake ili iishi. Tangu siku hiyo jini laishi kwa moyo wa Howl, na Howl hawezi kumpenda mtu kwa dhati. Huwabembeleza wasichana mpaka wampende, kisha huwakimbia.

Tukisema kwa Kiswahili kwamba Howl hana moyo, kwa neno moja tumesema mambo yote mawili: hapendi, na ni mwoga. Na tukisema kwamba mwishoni Sophie anampa moyo, tumesema kwa neno moja tendo la mikono yake, maana kweli aubeba ule moyo akaurudisha kifuani, na pia tendo la mapenzi yake. Sophie naye amekuwa akikosa moyo, kwa njia nyingine. Mapenzi yao, basi, ni ya watu wawili waliokosa kitu kile kile, na kila mmoja akampa mwenziwe kile ambacho hakuweza kujipa mwenyewe. Tena Sophie alipomtenga Howl na jini, jini lingekufa, kwa sababu liliishi kwa moyo ule. Halikufa, kwa kuwa Sophie aliliambia liishi miaka elfu nyingine. Hii ndiyo mara ya kwanza anayatumia maneno yake akiijua nguvu yao. Mtu aliyeziambia kofia heri bila kujua, sasa atamka heri kwa kukusudia.

UMRI NA MAAMKIO

Mtu atakayekitafsiri kitabu hiki atakutana na mambo ambayo Kiingereza hakikumlazimisha mtungaji kuyaamua. La kwanza ni la majina ya kazi. Howl hawezi kuitwa mchawi, maana kwetu mchawi ni mwovu siku zote. Ni mganga, kwa kuwa huwauzia mabaharia dawa za upepo mwema na kumtumikia mfalme. Mchawi ni yule bibi wa Nyikani. Calcifer naye ni jini, wala si shetani. Nasi tumefundishwa kwamba majini yameumbwa kwa moto. Wasomaji wa pwani watacheka kidogo hapo, kwa sababu sisi husimuliwa kwamba vimondo hutupwa kuwafukuza mashetani wadukuao habari za mbinguni, na katika kitabu hiki kimondo chenyewe ndicho kilichogeuka kuwa jini.

La pili ni kubwa zaidi. Kwa Kiingereza, Sophie aliyezeeka aitwa na kijana Michael kwa jina lake tupu, na hakuna aonaye ajabu. Kwa Kiswahili Michael, mwenye miaka 15, hana budi kumwita Bibi na kumwamkia shikamoo. Sophie hana budi kuitika marahaba kwa kinywa cha msichana. Hapo maana ya hadithi yasogea kidogo. Kwa Waingereza, uzee wamfungua Sophie kwa kuwa bibi kizee hatazamwi na mtu, hivyo aweza kusema atakalo. Kwetu uzee ungemfungua kwa kuwa bibi kizee husikilizwa. Njia ni mbili, na mwisho ni mmoja: msichana aonja kusema bila hofu, kisha agundua kwamba sauti ile ilikuwa yake.

Nami ningemshauri mtafsiri jambo moja. Nimekwisha sema kwamba Howl alijua mapema kuwa Sophie si mzee. Basi tangu siku ile Howl asimwamkie shikamoo hata mara moja. Aseme «Hujambo» tu, kila asubuhi. Msomaji atamwona mtovu wa adabu, na hilo litapatana na sifa zake nyingine mbaya. Na ukweli utakapofunuka, msomaji atageuka nyuma na kuona kwamba kila asubuhi yule mwanamume alikuwa akimwambia Sophie kwamba yeye ni kijana. Kiingereza hakina chombo cha kufanyia hivyo. Kiswahili kinacho.

Hata ngeli zetu zina la kusema. Kijana, kizee na kikongwe vyote vina ki-, na vyote huchukua upatanisho wa watu: kijana huyu, kikongwe yule. Mtu akisema «kizee hiki» amemdharau mwenziwe kwa silabi moja. Mtafsiri mwerevu angemfanya Sophie, katika siku zake za mwanzo, ajitaje mwenyewe kwa upatanisho huo wa dharau, na aache kufanya hivyo polepole pasipo kutangaza.

WEMA USIOJITANGAZA

Juu ya wema kitabu hakihubiri, na hiyo ni fadhila yake. Siku ile ya kutoka mjini, Sophie alimwona mbwa aliyenaswa katika kichaka akamfungua, ingawa alimwogopa. Aliisimamisha sanamu ya ndege iliyoanguka. Aliyafanya hayo akinung'unika, magoti yakimuuma, na hakungoja shukrani. Tenda wema nenda zako. Ila katika ngano zetu wema hurudi ukiwa na sura nzuri: ndege aliyesaidiwa huleta unyoya, simba aliyetolewa mwiba huja kulinda. Hapa sanamu ya ndege yarudi ikiruka kwa mguu mmoja kuifuata ngome, na Sophie aikimbia kwa hofu mara kadhaa. Wema wake umemrudia, naye hautambui kwa kuwa haamini kwamba amewahi kutenda jambo lenye maana. Naona hapa pana ukweli mwingi. Mwenye kujidharau huwaogopa hata wadeni wake wa shukrani.

Howl naye ana wema, lakini huuficha kama mwingine afichavyo aibu. Michael alikuwa yatima aliyelala mlangoni pake. Howl hakumkaribisha kwa maneno wala hakumfukuza, alimwacha tu akae, hata akawa mwanafunzi wake. Maskini huwauzia dawa kwa bei ndogo mno. Sifa yake ya kula mioyo ya wasichana ilienezwa kwa makusudi, ili watu wasimsumbue. Sophie, aliye hodari wa kuyaona makosa ya nyumba, achelewa kuyaona haya. Na alipoyaona, mapenzi yalikuwa yamekwisha anza bila ya hodi. Hakumpenda kwa suti zake. Alimpenda kwa kumjua, baada ya kumfulia na kumgombeza kutwa.

Si kwamba kitabu hakina kasoro. Sura za mwisho zimesongamana, watu wengi waingia chumba kimoja kwa pamoja, na mafundo yafunguliwa kwa haraka hata msomaji apaswa kurudi nyuma. Filamu ya Miyazaki iliepuka baadhi ya mafundo hayo, ikaongeza habari za vita na kuifanya sura ya Sophie ibadilike mbele ya macho yetu, mara kijana, mara mzee, kwa kadiri ya moyo wake. Ni filamu nzuri. Lakini nguvu ya maneno ya Sophie haikutiliwa mkazo, na kwa mtu wa lugha hiyo ni hasara.

Bibi Jones aliandika vitabu viwili vingine vya nchi hizo, Castle in the Air mwaka 1990 na House of Many Ways mwaka 2008. Kile cha 1990 kitamfurahisha msomaji wa pwani, kwa kuwa chaanzia katika mji wa kusini uitwao Zanzib, kwa kijana muuza mazulia aitwaye Abdullah. Mji huo ni wa kubuniwa, na umejengwa kwa mbao za Alfu Lela kuliko za Unguja. Lakini zulia lake la kuruka lina tabia moja ya kupendeza: haliruki kwa amri, laruka kwa maneno matamu. Ni somo lile lile la kofia. Maneno mazuri humtoa nyoka pangoni, na zulia sakafuni.

Nimekieleza kitabu hiki kwa urefu kwa kuwa naona tuna haja ya vitabu vya namna yake katika lugha yetu. Vijana wetu hupewa vitabu vya mafunzo, na mafunzo ni mazuri. Ila kijana ajidharauye akifundishwa kwamba asijidharau huongeza kosa moja katika hesabu ya makosa yake. Kicheko humfikia mahali ambapo nasaha hazifiki. Lugha inayo mali yote ihitajiwayo kwa kazi hii: ina hekaya za karne nyingi, ina maamkio yawezayo kubeba siri, ina neno moyo. Walio na ujuzi wa kutunga na wajaribu, na walio na ujuzi wa kutafsiri wanisahihishe nilipokosea.

Na sisi walimu tuna wajibu mdogo zaidi, ambao hauhitaji uganga. Mwanafunzi anapoanza kwa kusema «Mimi sijui sana, lakini…», na tuingoje ile lakini. Jibu li nyuma yake.